Hesabu Isiyojazwa katika Fomu Namba 5

Mheshimiwa Mwenyekiti, mashekhe na wachungaji wetu, wazee wangu, mama zangu, na ndugu wanachama wote wa chama chetu cha kufa na kuzikana: shikamooni wakubwa, na wadogo wangu habari za asubuhi. Asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Mliponiita mlinitaka niseme juu ya mirathi na wosia, kwa kuwa nimekaa katika kiti cha hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka 27, na ninyi mmechoka kuona familia zikigombana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nitayasema ya mirathi kwa ufupi. Mtu akifariki, ndugu hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, huenda mahakamani, na mahakama ikiridhika humteua. Tangu siku hiyo msimamizi ana miezi 4 ya kuwasilisha Fomu Namba 5, ambamo huorodhesha mali yote ya marehemu na madeni yake yote. Kisha huleta Fomu Namba 6, ambayo ni hesabu ya jinsi mali ilivyokusanywa, madeni yalivyolipwa na warithi walivyogawiwa. Anayechelewesha fomu hizo huitwa ajieleze. Hayo ndiyo mengi ya yale mliyotaka kuyajua, na yaliyobaki yanategemea kama mtaandika wosia mkiwa na akili timamu na mashahidi wa kuaminika, jambo ambalo nawasihi mlifanye mwezi huu huu.

Lakini nimezisoma fomu hizo kwa mamia, na kuna jambo lililokuwa likinisumbua kila nilipozitia saini. Nyumba ya vyumba 4 iliyoezekwa kwa bati, minazi 36, ng'ombe 2, baiskeli, cherehani, akiba ya benki; upande wa pili deni la duka, deni la ada ya shule, deni la fundi. Mtu ameishi miaka 70, na hesabu yake inaenea katika karatasi moja. Nikawa najiuliza: kama marehemu mwenyewe angerudishwa kwa saa moja na kutakiwa aijaze hesabu yake, ya maisha na wala si ya mali, angeandika nini? Na je, angekuwa anaijua? Hilo ndilo ninaloomba ruhusa yenu nilizungumze leo, kwa sababu chama hiki kinatuandalia sanda, jeneza, gari na chakula cha wafiwa, na sijawahi kusikia tukilizungumza hili la pili.

Anzeni na mazishi yetu wenyewe. Husimama mtu wa familia akasoma wasifu: marehemu alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa idara fulani, akafunga ndoa, akajaliwa watoto 6 na wajukuu 14, akaugua presha na kisukari, ameacha mjane. Sina ugomvi na wasifu. Wafiwa wanastahili kusikia mtu wao akitajwa kwa heshima. Ila baada ya wasifu husemwa maneno machache ambayo mimi nayaona ndiyo mazito kuliko yote ya siku hiyo: kama kuna mtu anayemdai marehemu, au marehemu alikuwa akimdai, aonane na familia. Ndugu zangu Waislamu wanajua neno hilo lina mzizi wake. Imesimuliwa katika Hadithi kwamba aliletwa maiti mbele ya Mtume ili amsalie, akauliza kama alikuwa na deni, akaambiwa ana deni la dinari tatu na hakuacha kitu cha kulilipa, akawaambia masahaba wamsalie wao mwenzao; ndipo Abu Qatada aliposema kwamba deni lile analibeba yeye, na Mtume akamsalia. Dinari tatu zilitosha kuisimamisha sala.

Katika mazishi yote niliyohudhuria nimewaona watu wakijitokeza kwa deni la mifuko ya saruji, la mkopo wa kikoba, la mbuzi aliyelipiwa nusu. Sijawahi kumwona mtu akijitokeza kusema kwamba marehemu alimsingizia wizi mwaka 1994 akafukuzwa kazi, na kwamba watoto wake waliacha shule kwa ajili hiyo. Mtu wa namna hiyo yupo. Mara nyingi amekuja mazikoni, amekaa nyuma chini ya mti, ametoa rambirambi yake na ameitikia dua pamoja nasi. Anachomdai marehemu hakina stakabadhi, na hakuna mwanafamilia anayeweza kukilipa.

Sasa niseme ninachokijua kwa kazi yangu, yaani namna watu wanavyojieleza wanapotakiwa kutoa hesabu ya matendo yao. Kwa muda wote niliohudumu, mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Mtu alisimama mwenyewe, akasema kwa Kiswahili chake, mbele ya hakimu na wazee wa baraza wawili, bila mtu wa kumpambia maneno. Kwa hiyo nimesikia utetezi mwingi uliotoka kwa mtu moja kwa moja, wa wezi wa kuku, wa waume waliotelekeza familia, wa wasimamizi wa mirathi waliokula mali ya yatima, na wa watu wema waliojikuta wamefanya baya. Wengi wao hawakusema uongo mtupu. Walifanya jambo la hila zaidi kuliko uongo, na nilichukua miaka kulitambua.

Lugha yetu ina kile ambacho walimu wa sarufi hukiita kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, mchele umemwagika. Ni kauli nzuri na ina kazi yake, kwa maana kuna vikombe ambavyo kweli huvunjika bila kuvunjwa. Lakini mtu akisimamishwa kizimbani utaona jinsi anavyoikimbilia. Muulize msimamizi wa mirathi fedha za watoto ziko wapi, atakujibu, "Mheshimiwa, zilitumika." Shamba je? "Liliuzika." Na ahadi uliyompa mjane? "Haikutimizika." Mambo yote yametendeka na hakuna hata mmoja aliyetenda. Kulikuwa na mzee wa baraza mmoja niliyekaa naye miaka mingi, Mungu amrehemu, ambaye hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akingoja mpaka mshtakiwa amalize, kisha anamwinamia kidogo na kumuuliza kwa upole: "Mwanangu, zilitumiwa na nani?" Nimewaona watu wazima wakitokwa na jasho kwa swali hilo, kwa sababu jibu lake linataka kiambishi kimoja tu, ni-, na kiambishi hicho ndicho kinachokataa kutoka kinywani.

Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma, nikakuta kwamba watu wa kale walikwisha kulifikiria jambo hili kwa undani kuliko nilivyodhani. Waliolifikiria kwa bidii kubwa zaidi ni Wamisri wa zama za mafirauni. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London kuna gombo la mafunjo la mtu aliyeitwa Ani, lililoandikwa miaka ipatayo 1,250 kabla ya Kristo, lenye urefu wa takriban mita 24. Ani alikuwa karani, na kazi yake ilikuwa kutunza hesabu za sadaka za miungu. Alikuwa mtu wa hesabu kwelikweli. Katika gombo hilo amechorwa akiingia, yeye na mkewe, wameinama kidogo, katika ukumbi wa hukumu ya wafu. Katikati imesimama mizani. Kwenye sahani moja umewekwa moyo wake, na kwenye nyingine unyoya wa Maat, neno ambalo kwao lilibeba ukweli, haki na mpangilio mwema wa dunia kwa pamoja. Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, anaitazama mizani. Thoth, mungu mwenye kichwa cha ndege kwarara, amesimama na kalamu yake aandike matokeo. Na nyuma yake anangoja mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na sehemu ya nyuma ya kiboko, ambaye hula moyo ulioshindwa. Aliyeliwa moyo hakuwa na adhabu nyingine. Alikuwa amekwisha, amekufa mara ya pili.

Mbele ya waamuzi 42 marehemu alitakiwa kuwataja mmoja mmoja kwa jina na kumkania kila mmoja kosa moja. Nilipoyasoma makosa yaliyokanwa katika ukumbi huo nilitazamia kukuta mambo makubwa ya miungu na mahekalu, na hayo yamo. Lakini yamo pia haya: sikupunguza kipimo cha nafaka, sikuongeza uzito katika mizani, sikuwanyang'anya watoto maziwa vinywani mwao, sikuyazuia maji wakati wake, sikumchongea mtumishi kwa bwana wake, sikumfanya mtu alie. Ndugu wanachama, hayo ni mashauri ya Mahakama ya Mwanzo. Nimefanya kazi katika milima ya Usambara, ambako watu humwagilia mashamba yao kwa mifereji inayopita kwa zamu, na nimesikiliza shauri la mtu aliyeamka usiku wa manane kuugeuza mfereji wa jirani yake, mahindi ya jirani yakakauka yakiwa na ndevu. Mmisri wa kando ya Nile angelielewa shauri lile bila mkalimani.

Na kipimo? Nani hapa hajui lumbesa? Mkulima wa viazi anatakiwa kisheria auze gunia lisilozidi kilo 100, lakini mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza likafurika, hushonea kilemba juu yake, na kuliita gunia moja. Na sisi wa mjini tusijione wasafi, kwa maana sokoni kuna kopo lililobonyezwa kitako, na kuna kidole gumba kinachoingia ndani ya kibaba wakati wa kupima. Kiswahili kina neno lake kwa tendo hilo, kupunja, na wafasiri wa Kurani walipoifikia Sura ya 83, ambayo yote imepewa jina la watu hao, hawakuhangaika kutafuta neno: ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Kati ya karani wa firauni na muuza mchele wa hapa kwetu kuna zaidi ya miaka 3,200, na sahani ya mizani ni ileile.

Lakini kuna mambo mawili katika desturi ya Wamisri ambayo hakimu hawezi kuyapita. La kwanza ni kwamba magombo hayo yalikuwa yakiandikwa mapema na kuuzwa, na mara nyingi palikuwa pameachwa nafasi wazi ya kujaza jina la mnunuzi. Hata katika gombo la Ani kuna sehemu ambazo jina lake lilijazwa baadaye. Yaani ule utetezi mzito, sikuua, sikuiba, sikupunja, ulikuwa tayari kabla mwenye nao hajajulikana ni nani wala ameishi vipi. Mnajua vile vibanda vya wachapaji karibu na mahakama, ambako hati ya kiapo iko tayari katika kompyuta na kinachobadilishwa ni jina tu. Nimepokea hati nyingi za namna hiyo, na ilinibidi nimuulize mwapaji: haya uliyoapa, umeyasoma?

La pili limenigusa zaidi. Juu ya kifua cha maiti waliweka jiwe lililochongwa kwa umbo la dundu, na juu yake waliandika maneno ya kuuomba moyo. Waliuomba moyo huo, waliosema umetoka kwa mama, usisimame kuwa shahidi dhidi ya mwenyewe, usimpinge mbele ya waamuzi, usifanye uadui naye mbele ya mshika mizani. Tafakarini hilo. Mtu amekwisha kukana makosa yote mbele ya waamuzi 42, na bado anaona haja ya kuusihi moyo wake unyamaze. Hapo ndipo ninapomtambua mwanadamu yuleyule niliyemwona kizimbani. Anajua kwamba ndani yake yupo aliyeona kila kitu na hakuandaliwa maneno ya kusema. Kurani inalisema jambo hilo katika Sura Yasini bila kuacha nafasi ya ombi: vinywa vitazibwa, mikono ndiyo itakayosema, na miguu itatoa ushahidi.

Wagiriki pia walikuwa na lao, nami nitalitaja kwa haraka kwa sababu linawahusu mahakimu. Mwanafalsafa Plato, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba hapo zamani watu walikuwa wakihukumiwa wakiwa hai, siku ileile ya kufa kwao, na waamuzi walikuwa hai vilevile, na hukumu zikawa mbaya. Watu walikuja wamevaa miili mizuri, nasaba na utajiri, wakafuatana na mashahidi wengi wa kuwasifia, na waamuzi nao macho na masikio yao yalikuwa yamefunikwa na miili yao wenyewe. Ndipo Zeus, mkuu wa miungu yao, alipoamuru kwamba watu wahukumiwe baada ya kufa, wakiwa uchi, na mwamuzi naye awe uchi na mfu, roho ikiitazama roho. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiinua macho pale aliyevaa suti alipoingia, na kuendelea kuandika pale alipoingia mwenye kanga iliyochakaa, naona kwamba masimulizi yale hayakutungwa kwa Wagiriki peke yao.

Nirudi kwenye dini zetu, ambazo wengi wenu mnazijua kuliko mimi, na mashekhe na wachungaji waliopo wanisahihishe. Katika Hadithi kuna maswali manne ambayo mja hataondoka mahali pake bila kuyajibu: umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na kuitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Angalieni jinsi swali la mali lilivyo na sehemu mbili, wapi ilitoka na wapi ilikwenda. Ni Fomu Namba 5 na Namba 6 zikiwa pamoja. Lakini Hadithi ninayoiogopa zaidi ni ile ya muflisi. Mtume aliwauliza masahaba wake ni nani aliyefilisika, wakamjibu kuwa ni yule asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawaambia muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu na kumpiga huyu. Basi kila mmoja atapewa kutoka katika mema yake, na mema yakiisha kabla deni halijaisha, zitachukuliwa dhambi zao na kutupiwa yeye.

Mimi naisoma hiyo kama mtu aliyegawa mirathi. Ni mirathi inayogawanywa wakati marehemu mwenyewe amesimama anatazama. Wadai wanaingia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaondoka na fungu lake, na mtu huyo aliyekuja akidhani ni tajiri wa ibada anaona ghala lake likitoka mlangoni. Jambo linalonitisha ni kwamba hakuwa na orodha ya wadai. Ya sala zake alikuwa akiijua vizuri.

Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaligeuza jambo hilo hilo na kulionyesha kwa upande mwingine. Mfalme anawatenga watu kama mchungaji anavyowatenga kondoo na mbuzi, anawaambia hawa kwamba alikuwa na njaa wakamlisha, alikuwa mgeni wakamkaribisha, alikuwa gerezani wakamwendea, na wale wengine kwamba hawakufanya hivyo. Wachungaji wetu huhubiri sana juu ya njaa na kiu na gereza, na wanafanya vema. Mimi, kwa mazoea ya kazi, husikiliza majibu ya wahusika, na hapo ninakuta jambo la ajabu: makundi yote mawili yanajibu kwa swali moja. Bwana, ni lini tulikuona? Waliotenda mema hawakumbuki, na waliokataa kutenda nao hawakumbuki. Hakuna kundi lililokuja na hesabu sahihi. Mkate uliotolewa haukuwa umeandikwa mahali popote na mtoaji, na mlango uliofungwa haukuwa umeandikwa mahali popote na aliyeufunga. Vyote viwili viliandikwa kwa yule aliyekuwa upande wa pili wa mlango.

Hapo ndipo nilipofika baada ya kufikiri kwa muda mrefu, nami naliweka mbele yenu kama ninavyoliamini. Hesabu ya maisha yangu siko nayo mimi. Iko vipande vipande katika mioyo ya watu niliopita kwao, wake na waume, wengine sijui hata majina yao, na kila mmoja ana ukurasa wake. Ninachoweza kuandika peke yangu ni wasifu tu. Ndiyo maana Sura ya Kahf inasema kwamba wakosefu watakapowekewa kitabu watastaajabu na kusema, kina nini kitabu hiki, hakiachi dogo wala kubwa; wanastaajabu kwa sababu wao walikuwa wamekwisha kuyaacha madogo. Na kwa kuwa haki ya mtu husamehewa na mtu mwenyewe, kama mashekhe wanavyotufundisha, basi kuna karatasi ambazo haziwezi kufungwa na toba ya chumbani. Lazima mtu ainuke aende.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kamati yetu. Mwanachama anapougua sana tunamwendea na mchele, sukari na bahasha, tunamwombea dua na kuondoka. Naomba wale wawili au watatu wanaotumwa wabaki kidogo, na mmoja wao, mtu mzima mwenye kifua cha kutunza siri, amuulize mgonjwa wakiwa faragha: je, kuna mtu ungependa tukuitie? Asiulizwe sababu. Kama atataja jina, tumtafute mtu huyo na tumlipie nauli kutoka katika mfuko wa chama, kwa maana sioni tofauti kati ya nauli hiyo na bei ya sanda. Nimeshuhudia mara mbili mtu akiitwa kwa namna hiyo, na mara zote mbili wagonjwa walikuwa na maneno machache sana ya kusema, ambayo yalikuwa yamengoja miaka mingi.

Nami siwezi kuwaomba hayo bila kuwaambia niliyoyafanya. Nilipokuwa katika mahakama moja huko milimani nilikuwa na shauri la mama mmoja mzee, aliyekuwa akimdai kaka yake fungu lake katika shamba la iliki la baba yao. Shauri lile nililiahirisha mara 9. Mara kaka hakufika, mara mzee wa baraza anaumwa, mara mimi nimeitwa kwenye semina, mara jalada halionekani. Yule mama alikuwa akishuka kwa miguu tangu alfajiri, na kila mara aliitikia "Sawa, mheshimiwa," akafunga tarehe mpya katika ncha ya kanga yake. Alifariki kabla ya hukumu. Kila nilipofikiria habari ya kuhukumiwa, ukurasa huo ndio uliokuja wa kwanza, nami nilikuwa nimekwisha kuukubali: nilimchelewesha hadi akafa.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilipanda kule kumtafuta binti yake. Nilimkuta akianika mahindi. Akaniamkia, "Shikamoo baba," nikaitikia, akanipa kigoda, akaleta chai na magimbi ya kuchemsha. Nikamweleza kilichonipeleka, na nikamwomba radhi kwa tarehe zile 9. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mama yake hakuwa na neno juu ya tarehe. Alikuwa akisema mahakama ndivyo zilivyo, na hakimu naye ni mtu mmoja. "Kilichomuuma mama," akasema, "ni siku ile ulipokunywa chai na mjomba pale kwa mama lishe, mkicheka. Alipita mkononi ana viatu, hamkumwona. Aliporudi alisema, kesi yangu imekwisha. Baada ya hapo alikuwa anakuja kwa sababu tarehe imeandikwa."

Ndugu zangu, siikumbuki siku hiyo. Nimeitafuta akilini nisiipate. Kibanda cha chai kilikuwa kimoja tu, na kila mtu aliyefika mahakamani alikunywa pale. Nilipofungua kinywa nimjibu, nikausikia ulimi wangu ukileta neno: ilitokea. Nikamkumbuka mzee wangu wa baraza, nikalimeza. Nikasema, "Nilikunywa chai na mjomba wako, na nilicheka naye, na shauri la mama yako lilikuwa mbele yangu." Nikamwomba anisamehe.

Alinyamaza muda mrefu, akiyageuza mahindi kwa kiganja. Kisha akasema, "Baba, yangu mimi nimekusamehe. Ya mama sina."

Akanimiminia chai nyingine, nami nikainywa.